Nilimpendekezea mjomba kitabu nilichoishia ukurasa wa arobaini, akanipigia simu: njoo peke yako

Wakuu, habari za humu.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Anayetaka chumvi aweke kwake, mimi naandika kama ilivyokuwa.

Wengine mnanijua. Mimi ndiye yule wa nyuzi za memoir mpya za kusoma, vitabu vya mtu kusimulia maisha yake. Mnaniita profesa, nami kichwa kinavimba.

Sasa nikiri. Vingi kati ya vile vitabu huwa sivimalizi. Nasoma jalada la nyuma na kurasa chache za mwanzo, naandika review. Msinitukane bado, subirini.

Ninakaa Kihonda. Mama yangu yuko Bigwa, na shamba lake la migomba liko juu kidogo, mlimani. Kwa wasiojua, sisi Waluguru ukoo ni wa mama, kwa hiyo ardhi ile msimamizi wake ni mjomba, kaka yake mama. Mjomba ni mwalimu mstaafu, mkali, anapenda kusoma kuliko kula.

Mwezi uliopita akaniomba nimpendekezee kitabu kipya cha maisha ya kweli. Nikampelekea memoir ya bwana shamba mmoja mstaafu. Nilikuwa nimefika ukurasa wa arobaini, jamaa bado yuko shule ya msingi anachunga mbuzi. Nikamwambia, "Mjomba, nimekisoma chote. Kuna mambo humo yanakuhusu kabisa." Nilimaanisha kilimo na maisha ya zamani, basi.

Siku nne baadaye, simu. "Mpwa wangu, kesho asubuhi njoo. Peke yako. Mama yako usimwambie."

Akakata.

Wakuu, nikajua ni kile kitabu tu. Humo ndani kuna nini? Matusi? Mambo ya chumbani? Nakala niliyokuwa nayo ndiyo hiyo niliyompa. Nikatafuta PDF, hakuna. Nikamuuliza muuza vitabu mjini kama amekisoma, akasema yeye anauza tu.

Mke wangu akasema si uende ukamwambie ukweli. Rahisi kusema. Mjomba aliwahi kuninunia mwaka mzima kwa sababu nilisema nimeshiba kumbe sijala.

Asubuhi nikapanda mlimani kwa mjomba. Mvua ilikuwa imenyesha, njia utelezi mtupu, nikaanguka mara mbili. Shikamoo yangu akaiitikia kwa sauti ya chini. Kitabu kiko mezani, katikati kimewekwa kijiti cha kiberiti.

"Fungua hapo usome. Kwa sauti."

Nikasoma sura ambayo sijawahi kuiona, huku najifanya naijua. Bwana shamba anasimulia alivyouza shamba la dada yake kwa siri, kwa kuwa yeye ndiye mjomba mwenye kauli. Dada alifika na jembe kupalilia, akakuta uzio. Amekufa hawajasalimiana.

Sauti ilikuwa inanitetemeka. Ilikuwa hofu tu, bado sijaelewa kitu. Mjomba akadhani ni uchungu.

Akakichukua kitabu, akakifunga. Kisha akauliza, "Nani alikuambia?"

"Hakuna mtu, mjomba." Na huo ulikuwa ukweli mtupu.

"Yule mtu wa Dar nimempigia jana. Nimemwambia shamba la dada yangu haliuzwi tena."

Kumbe shamba la mama lilikuwa linauzwa, na mama hana habari, mimi sina habari.

Kwetu mkubwa hasemwi usoni. Neno zito linazungushwa, anatumwa mtani, au unatoa mfano mpaka mwenyewe aelewe. Mjomba aliamini nimelijua jambo lake nikalipitisha kwenye kitabu. Akanishika mkono. "Ungeweza kunipeleka mbele ya ukoo. Umenistahi, mpwa wangu. Asante."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema kweli. Mdomo ulishafunguka. Lakini nikawaza, nikisema sikujua lolote, si atampigia tena yule mtu? Nikanyamaza, nikanywa chai yake.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilimpelekea mama mbegu za maharage. Anapanda katikati ya migomba, anaimba zake, akaniuliza mbona unanitazama hivyo. Nikasema ni jua.

Somo nililopata: usimpe mtu kitabu ambacho hujakimaliza. Mimi hiki kimenibeba, kingine kingeweza kuvunja nyumba. Nyuzi zangu za zamani zisomeni kwa tahadhari, na samahanini.

Ila kilichonileta leo ni hiki. Jana mjomba amepiga tena, anataka kitabu kingine. Akasema, "Na kama kuna lingine unalolijua, lilete kwa njia hiyohiyo. Niko tayari."

Lingine lipi, wakuu?

Nitajieni memoir mpya, lakini mliyoisoma hadi ukurasa wa mwisho. Na mwenye busara aniambie, mama nimwambie au nikae kimya? Maharage yameshaota.