Mikato Saba Kwenye Mpini

Harithi Amri anajua kunyoa, hilo hata wanaomchukia wanakubali. Lakini pale Ruangwa vinyozi wako wengi kuliko vichwa, na watu hawakuwa wanavuka barabara kutoka stendi mpaka kibandani kwake kwa sababu ya mashine yake ya kuchaji. Walikuwa wanafuata wembe.

Wembe wenyewe ni wa kukunja, wa kizamani, mpini wake wa pembe. Aliuweka kwenye fremu ya kioo iliyowahi kubeba picha ya harusi ya dada yake, akaitundika juu ya kioo cha kunyolea. Nje, kwa rangi nyekundu, akaandika KAGERA SALUNI. Mteja akishafungwa kitambaa shingoni hana pa kukimbilia. Atasikia jinsi babu yake, mzee Amri, mgambo wa Nachingwea, kwenye vita vya Kagera, alivyomfuma ofisa wa adui alfajiri anajinyoa, povu la sabuni bado limejaa shavuni, akampokonya wembe na kumfunga kwa mkanda wake mwenyewe. Kwenye mpini kuna mikato saba.

"Kila mkato, roho moja," Harithi alikuwa akisema, mashine inaunguruma sikioni kwa mteja.

Msimu wa korosho ukiwa mzuri na benchi limejaa, roho zilifika kumi na mbili. Mikato ilibaki saba. Hakuna aliyewahi kuhesabu.

Mwaka huu, mwanzoni mwa Julai, akaingia Mwalimu Doreen wa somo la historia. Hakuja kunyoa.

"Siku ya Mashujaa shule inafanya maonesho," alisema. "Nimekuweka kwenye ratiba, wewe na huo wembe."

Harithi alijivuta shati. "Mwalimu, hapo umegonga penyewe."

"Ila sitaki ya saluni. Nataka jina la huyo ofisa, mahali alipokamatwa, na tarehe. Wanafunzi wataandika kwenye madaftari."

Basi Harithi akafunga kibanda, akautoa wembe kwenye fremu, akauviringisha kwenye leso, akapanda pikipiki yake kwenda Nachingwea. Babu alishafariki miaka kumi iliyopita, ila Mzee Ramadhan, aliyekuwa naye kombania moja vitani, bado yupo, anasikia vizuri na meno anayo ya kutosha. Kazi ilikuwa ndogo tu: jina la mtu mmoja.

Mzee Ramadhan aliushika wembe, akaufungua, akaufunga, akaanza kucheka mpaka akakohoa.

"Ofisa gani, mjukuu wangu? Wembe huu tulinyolewa nao kwenye lori, tukienda vitani. Hata Dodoma hatujafika."

"Labda ulikuwa mwingine, Babu."

"Mpini huu? Mimi mwenyewe ulinikata hapa." Akaonesha chini ya kidevu. "Halafu babu yako amkamate ofisa wapi? Alikuwa mpishi."

"Mpishi?"

"Tena mzuri. Adui aliowaona ni wale mateka waliopanga foleni na sahani. Mmoja aliomba aongezewe maharage."

Harithi alicheka kidogo, kwa adabu, kama mtu aliyekanyagwa mguu na mkwewe. Akauliza sasa babu aliupata wapi. Hapo Mzee Ramadhan akaacha kucheka.

"Nenda Naipingo, kamwone Mwanaima. Nilimwambia babu yako aurudishe. Akasema ni utani tu."

Kutoka pale Harithi alikuwa na njia mbili, na ile ya kurudi Ruangwa ilikuwa ya lami nzuri kichwani mwake. Jina la ofisa angelitunga. Alishaanza hata kulitunga, akampa na cheo cha kapteni. Kilichompeleka Naipingo si uungwana. Alitaka kuhakikisha kwamba huyo bibi ama hayupo duniani, ama yupo na hakumbuki kitu. Njia nzima alikuwa anaombea usahaulifu wa mwanamke asiyemjua.

Bibi Mwanaima alikuwa uani anapepeta mbaazi. Mwanawe Jonasi, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, kichwa kimechanganyika mvi, alikuwa anachonga mpini wa jembe. Harithi aliamkia, akakaribishwa kigoda, akasema ametokea Ruangwa, mjukuu wa mzee Amri. Akafungua leso.

Bibi aliweka ungo chini. Hakuutazama wembe sana. Alipitisha kidole gumba kwenye mpini, polepole, mdomo unahesabu bila sauti.

"Saba," akasema. "Yote ipo."

"Unaifahamu hiyo mikato, Bibi?"

"Si niliikata mimi."

Akaeleza, macho yake kwenye mbaazi. Mumewe, Obadia, alikuwa mtu wa ng'ambo ya Ruvuma, mpiganaji wa wale waliofanya mazoezi Nachingwea wakati wa kudai uhuru wa kwao. Wembe aliupata kwa mwenzake aliyeuawa safari ya kwanza, wakiwa kwenye handaki moja. Tangu hapo, kila akivuka mto kwenda vitani aliuacha nyumbani, ili usipotee kama mwenyewe wa kwanza. Kila akirudi salama, Mwanaima alichukua kisu akakata alama moja. Akarudi mara saba.

"Mara ya nane wakaja wenzake wawili na kofia yake," alisema bibi.

Harithi alitazama miguu yake. Roho saba. Hata jana asubuhi alikuwa amemwambia dereva mmoja wa lori kwamba ule mkato mrefu ni wa kanali.

"Msiba tukauweka hapa hapa, bila maiti. Sasa yeye mgeni, hana watani. Babu yako akasema haiwezekani mwanaume azikwe kimyakimya kama mbuzi. Yeye ni mtani wa ukoo wetu, basi akajitwika kazi hiyo. Akavaa ile kofia, akatembea kama Obadia, akaongea kama Obadia. Watu walicheka huku wanalia. Akauchukua wembe, akasema mkiutaka nileteeni kuku."

Hilo Harithi alilijua. Kila mtu wa huku analijua. Mtani anapora kitu cha marehemu msibani, na siku ya arobaini wafiwa wanakwenda na kuku, kitu kinarudi, kicheko kinafunga kilio. Na wembe ule ulitakiwa urudi siku hiyo hiyo, maana ndio uliokuwa umnyoe mtoto nywele za msiba wa baba yake.

"Nikaenda na kuku," alisema Bibi Mwanaima. "Akasema amekonda. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Jonasi tukamnyoa kwa wembe wa dukani. Mwaka wa pili nikaenda na jogoo. Akasema huyu hana mkia. Mwaka wa tatu akasema anataka mwenye madoa. Nikatafuta mwenye madoa. Wakacheka tena, ila mimi siku hiyo sikucheka. Halafu akaenda vitani Kagera. Aliporudi nikamfuata, akaniambia nimechelewa, ule wako ulipotea, huu nimemnyang'anya adui."

"Alikwambia wewe hivyo? Usoni?"

"Mbele ya watu. Mimi mwanamke, na yeye ametoka vitani. Nani angenisikiliza?"

Harithi alitaka kusema pole, akaona neno lenyewe ni dogo mno kwa kazi ile. Akasema, "Bibi, mimi nimeutundika dukani kwangu. Nasimulia watu."

"Nimesikia," alisema bibi. "Naipingo si mwezini."

Jonasi aliacha jembe. Ndiye aliyesema, "Mama, basi aninyoe nao sasa." Akavuta gogo, akakaa, akainamisha kichwa kama mtoto anayeingia shule.

Harithi akafungua wembe na kuujaribu kwenye ukucha. Haukuwa na makali hata ya kukata ugali. Miaka yote aliupaka mafuta ung'ae, hakuwahi kuunoa. Na kuunoa hajui, yeye ni mtu wa mashine na nyembe za kutupa. Ikabidi Jonasi anyanyuke, alete kinoo, aunoe mwenyewe wembe wa baba yake huku kinyozi kutoka mjini ameshika kopo la maji. Wembe ulipokuwa tayari, Harithi akamnyoa Jonasi, polepole. Akamkata mara mbili juu ya sikio. Mama yake aliziokota zile mvi kwenye kitenge, zote.

"Mkamate yule mwenye madoa," akamwambia mwanawe.

"Bibi, hapana. Kuku siwezi kumchukua."

"Na wewe unanikatalia?"

Alimchukua.

Aliingia Ruangwa jioni, kuku amening'inia kwenye usukani, anapiga kelele kila kwenye tuta. Vijana wa bodaboda pale stendi hawakumwacha.

"Kaka Harithi, umemteka na huyo? Naye ni ofisa?"

Akampigia Mwalimu Doreen, akamwambia hakuna ofisa, wala hakuna wembe. Mwalimu akasema, "Basi njoo uwaambie wanafunzi hivyo hivyo. Ratiba sibadilishi."

Kuku bado yupo. Mara tatu Harithi amechukua kisu na mara tatu amekirudisha. Kuku amefungwa kamba nyuma ya kibanda, na mvua ikinyesha anaingizwa ndani, analala chini ya fremu tupu. Mteja akikaa, akifungwa kitambaa, anatazama juu, anatazama chini, halafu anauliza wembe umekwenda wapi na huyu kuku ni wa nini.

Harithi anazima mashine kwanza.

"Babu yangu," anaanza, "alikuwa mpishi."