Siku Mauwa Alipopimwa

Juzi nilimwona mjukuu wangu akimtia paka wake dawa ya viroboto, nikacheka peke yangu, kwani nilimkumbuka Mauwa, paka wetu nilipokuwa mtoto mtaani Kibokoni.

Panya walikuwa wakifa ovyo mitaani, na watu wazima walisema tauni imeingia. Mama alimfungia Mauwa katika ghala ya mkaa kwa siku kadhaa, akawa anampa samaki na kunikataza nisimguse. Mimi nilidhani Tauni ni mtu, mwizi wa paka. Kila alasiri niliketi mlangoni kumlinda, huku harufu ya dawa iliyotiwa kwenye mashimo ya panya ikiniwasha pua.

Siku moja tulipigiwa hodi. Akaingia mwanamume mrefu mwenye glavu za mpira. Nikajibanza kwenye mlango wa ghala.

"Wewe ndiye Tauni?" nikamwuliza.

"La, mwanangu," akasema bila kucheka. "Mimi ni bwana afya. Tauni ni maradhi, huletwa na viroboto wa panya. Nataka nimtazame paka wako."

"Na akiwa nayo?"

"Nitakwenda naye."

Nikampisha. Alimpapasa Mauwa chini ya taya kutafuta uvimbe, kisha akarudia tena.

"Hana homa, hana uvimbe," akamwambia mama. "Mfungueni, lakini msimwache ale panya."

Nilimkimbilia Mauwa, lakini nilichelewa. Mama, aliyenikataza siku zote zile, alikuwa amekwisha kumkumbatia, uso wake umezama kwenye manyoya yaliyojaa vumbi la mkaa.