Sweta la Minza

Shemeji yangu Generoza hajui kukaa. Mkaribishe kiti, atakaa nusu, mguu mmoja uko mlangoni tayari. Kaka yangu Salu alimwoa Bukoba akamleta hapa Bariadi, na siku ya kwanza tu mama yetu alisema, "Huyu atamaliza njia zote za mji huu." Anafundisha Historia sekondari ya kata, na juu ya hiyo Historia wakamtwisha malezi na ushauri nasaha, kazi isiyo na Jumapili. Mimi ni Shija, naendesha bodaboda. Basi ujue mwenyewe nani anayebebeshwa mahangaiko yake.

Jumamosi moja, mtihani wa kidato cha nne ukiwa umekaribia, alinikuta kijiweni anahema.

"Shemeji, washa pikipiki. Twende Zagayu."

"Kula kwanza, Nshomile wetu, msomi wa Kihaya. Zagayu haihami."

"Minza anaolewa!"

Minza nilimjua. Binti mpole wa hosteli ya shuleni kwa shemeji, akikutana nami ananipigia goti hata akiwa na ndoo kichwani. Sasa alikuwa ameanza kugawa vitu vyake. Godoro kampa huyu, sanduku la bati kampa yule, sweta lake jekundu kampa Goodness wa kidato cha kwanza. Alipoulizwa anaolewa na nani, alitabasamu akasema haolewi. Nani angemwamini? Huku kwetu binti wa shule akigawa vitu, tunajua ng'ombe wa mahari wameshaingia zizini kwa baba yake. Hata semina za walimu ziliwafundisha hivyo hivyo. Nami nikaongeza langu: "Hapo kuna harusi, shemeji, tena ya haraka." Tukaondoka mbio.

Baba yake, Mzee Maige, tulimkuta uani anakaza nati za plau. Shemeji akapiga goti, akamwamkia Kisukuma.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu. Karibuni."

Viti vikaletwa, hakukaa. Akaanza moja kwa moja: mtoto wa shule haozwi, sheria ipo, jela ipo. Mzee akatupa spana chini.

"Mayu, nenda zizini! Ukiona ng'ombe mgeni hata mmoja, nifunge leo hii. Mwanangu anasoma awe nesi. Mama yake aliniachia neno hilo kabla hajafa, mimi nilivunje?"

Mimi nikacheka kidogo. Wazee wa huku kwa kuigiza, weee! Lakini shemeji alikuwa akimtazama mzee usoni.

"Baba, alipokuja mara ya mwisho alisemaje?"

Mzee akafikiri. "Aliniomba msamaha. Kwa yote aliyonikosea tangu utotoni. Nikasema, haya, mtoto ameokoka."

Shemeji akanishika mkono hadi kucha zikaniingia. "Shija. Kama haolewi, kwa nini anagawa vitu?"

Hakuwahi kuniita kwa jina kabla ya hapo. Nikakimbilia pikipiki.

Mtandao haukuwepo pale. Tulipanda pikipiki mshikaki, mzee nyuma kabisa na fimbo yake, na shemeji katikati ameinua simu juu, anapiga, inakata, anapiga. Tulipofika kwenye mwinuko ikaita. Matroni, Lucy, akapokea.

"Minza yuko wapi?"

"Yupo bwenini, peke yake. Wenzake wanafua. Kwani vipi?"

"Nenda kakae naye. Usimsemeshe sana, usimgombeze. Usimwache hata kidogo, Lucy, nakuomba, mpaka nifike!"

Njiani alinipiga mgongoni kila nilipopunguza mwendo. Ningemjibu vibaya siku nyingine. Siku ile nilikuwa nasali, mimi ambaye kanisani naonekana Pasaka kwa Pasaka.

Mwanaume haingii bweni la wasichana, nikabaki dirishani. Minza alikuwa amekaa kwenye chaga tupu za kitanda, Lucy pembeni yake. Shemeji akaketi nusu, kama kawaida yake, akamshika mkono.

"Minza, nilikuuliza swali ambalo silo. Sasa nakuuliza wazi. Unafikiria kujiua?"

Nilitaka kupitisha mkono dirishani nimzibe mdomo. Kwetu neno hilo halitajwi. Tunaamini ukilitaja umelialika nyumbani.

Minza akalia. Alilia mpaka nikageuka nikaangalia ukuta.

"Ndiyo, mwalimu. Wote mmeniuliza naolewa na nani. Hili hakuna aliyeniuliza."

Kisha akaeleza. Tangu mama yake afe, usingizi hauji. Matokeo ya mock yalimwangusha. Aliona baba anahangaika, na yeye ni mzigo tu. Shemeji hakumhubiria, alisikiliza. Mzee Maige naye alikuwa mlangoni, fimbo mkononi.

"Mama yako nimemzika, na wewe unataka..."

"Baba, siyo sasa," shemeji akamkatiza kwa upole. "Njoo ukae karibu naye."

Mzee akaja akaketi sakafuni, mzee mzima, akaegemeza kichwa kwenye goti la bintiye.

Jioni ile ile tulimpeleka hospitali. Walimpokea, wakampa mtu wa kuzungumza naye kila wiki, na dawa za kumsaidia. Shemeji alienda naye kila mara, nami ndiye dereva, kazi yangu kunung'unika. Shuleni akamfuata mkuu, akataka walimu wote wajue kuuliza lile swali. Mkuu akasema, "Mwalimu, utawafundisha watoto wasichokijua."

"Wanakijua, mkuu. Wanachokosa ni wa kumwambia."

Godoro lilirudi siku ile ile. Wasichana wakataka kurudisha na vingine, shemeji akakataa. "Msimlazimishe. Ataviomba mwenyewe." Lakini alikuwa hatulii. Kila Goodness akipita na lile sweta, shemeji analitazama mpaka linapotea. Mtihani ukaja, Minza akaufanya. Akabaki hosteli kusubiri siku yake ya hospitali, na shemeji bado analitazama sweta.

Asubuhi moja ya mvua namshusha getini, tukasikia kelele upande wa hosteli.

"We Goodness! Lete sweta langu."

"Si ulinipa, dada?"

"Nilikupa, ndiyo. Sasa nalitaka. Nasikia baridi, bwana!"

Goodness akalivua huku amenuna. Minza akalivaa, akavuta mikono hadi kwenye vidole, akajikunyata ndani yake.

Shemeji yangu akakaa. Kwenye ngazi ya geti, kwenye maji, na sketi yake ya kazi, akakaa kitako chote, akafunika uso. Kengele ya darasa ikagongwa, na hakuinuka.