Ng'ombe Aliyeandikwa Kifaa

Siku Mzee Kizibo alipoajiriwa, chuo kilikuwa mabanda manne ya mabati, shamba la mahindi, na wanafunzi arobaini waliovaa buti za mpira hata kwenye mtihani. Leo ni chuo kikuu. Kina geti lenye nguzo nene, vitivo tisa, na wanafunzi wengi kiasi kwamba foleni ya chakula huanza kabla ya njaa. Kilimo chenyewe kimesukumwa nyuma kabisa, kando ya jaa, kama jamaa aliyekuja arusini bila kualikwa.

Mzee hakupanda cheo wala hakushuka. Miaka thelathini na minane alifanya kazi moja: kumtunza ng'ombe mwenye tundu ubavuni. Tundu lilitobolewa na daktari wa mifugo, likavishwa pete ya mpira na kuzibwa kwa kizibo kipana kama kisahani cha chai. Wanafunzi walitoa kizibo, wakatia mkono mpaka begani, wakashika majani yakichachuka tumboni, na ng'ombe akaendelea kutafuna kana kwamba anayepekuliwa ni mwingine. Kila asubuhi mzee alikiosha kizibo kwa maji ya vuguvugu na kukirudisha. Ukizembea siku mbili, kidonda kinaoza. Ng'ombe watatu wa kwanza walikufa kwa uzee. Huyu wa nne, Dirisha, binti wa yule wa tatu, ndiye aliyekuwa wa mwisho.

Miaka kumi iliyopita, chuo kilipopandishwa hadhi, wakubwa waliamua mifugo yote ipigwe mnada. Mzee Kizibo akakimbilia kwa mtunza stoo, rafiki yake wa siku nyingi.

"Huyu wangu si mfugo," akamwambia. "Umewahi kuona mfugo una mfuniko?"

"Sasa ni nini?"

"Kifaa cha kufundishia. Mwandike pamoja na darubini."

Walicheka mpaka mtunza stoo akashika meza. Lakini aliandika kweli: kifaa namba mia nne na kumi na mbili, pamoja na kizibo chake. Siku ya mnada ng'ombe ishirini na sita walipakiwa kwenye malori. Dirisha akabaki, ana kibati cha namba sikioni kama kabati la ofisi. Wiki nzima mzee alitembea kifua mbele.

Mtunza stoo akafariki, miaka ikasogea, barua ikaja. Banda litavunjwa kupisha ukumbi wa mihadhara wa Kitivo cha Biashara. Mzee alibakiza wiki sita astaafu, na alitaka kitu kimoja tu: aondoke na Dirisha. Kibanda alishajenga nyuma ya nyumba. Mkewe, aliyezoea kumwita Dirisha "mke mwenzangu", alishakata majani ya kumpokelea.

"Baba, si umwone mkuu wa chuo?" binti yake alimshauri. Binti alikuwa mwaka wa pili, Biashara hiyohiyo. "Si ulisema alikuwa mwanafunzi wenu?"

"Alinitapikia buti, siku ya kwanza kutia mkono."

"Basi mnajuana vizuri."

Mkuu wa chuo alicheka kisa cha buti mpaka akafuta machozi, akaagiza chai. Kisha akaletewa daftari la mali, akasoma, kicheko kikamkauka.

"Mzee wangu, angekuwa mfugo ungeondoka naye leo. Anayestaafu tunaruhusiwa kumpa mfugo. Huyu ameandikwa kifaa."

"Ni ng'ombe, Mkuu. Wewe mwenyewe ulimtia mkono mama yake."

"Najua. Lakini kifaa kilichokwisha kazi hakigawiwi. Kinaharibiwa mbele ya kamati. Nikifuta namba sasa, wakaguzi wataniuliza ng'ombe katoka wapi na kifaa kimekwenda wapi. Nani aliandika hivi?"

Mzee alikikodolea macho kikombe. "Marehemu," akasema. Papo hapo akaona haya, kumsingizia rafiki asiyeweza kujibu. "Mkono ulikuwa wa marehemu. Maneno yalikuwa yangu."

Mkuu akalifunga daftari, akaandika barua ya kuita kamati. Chai ikapoa, hakuna aliyeinywa.

Kamati ilikuja Jumatano, watu watano wenye viatu vinavyong'aa, wakivuka samadi kwa ncha za vidole. Daktari wa mifugo akadunga sindano moja. Dirisha akapiga magoti ya mbele, akaegemea paja la mzee, akatafuna mpaka alipoacha. Mwenyekiti akauliza saini inawekwa wapi. Wakamwonyesha mzee pia mstari wake: mtunza kifaa. Akatia saini.

Mchana binti alimkuta bombani ameinama, ana birika la maji ya moto pembeni, anakisugua kizibo.

"Baba, unaosha cha nini tena?"

"Daftari linasema kifaa pamoja na kizibo chake. Lazima kirudi stoo."

"Si ukipeleke hivyohivyo?"

"Kichafu?" mzee akauliza, akaongeza maji. Binti akavuta mikono ya blauzi yake, akachuchumaa, akamshikia birika.

Mtunza stoo mpya alikigeuza kizibo huku na huku. "Mzee, hiki ni cha nini?"

Mzee Kizibo akafungua mdomo amweleze, kama alivyowaeleza wanafunzi miaka thelathini na minane: pete inakaa wapi, mkono unaingia vipi, usiogope, hasikii maumivu.

"Ni mfuniko," akasema.

Ukawekwa rafuni, karibu na maboksi ya chaki.