Ubavu wa Kitanda Changu Chini ya Gari

Nimetoka shamba na kuni kichwani, naingia ndani nipumzike, nakuta godoro langu liko chini kwenye udongo. Kitanda kimelala upande, kichwa huku, miguu kule, na ubavu wake mmoja haupo. Nikatoka nje. Kumbe uko uwanjani, umelazwa juu ya gogo, na shemeji yangu ameukalia na keekee ya mkono anautoboa. Unga wa chuma unamwagika miguuni mwake, na yeye anapiga mluzi.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, huku kwetu Murungu, nje kidogo ya Kibondo. Huyo shemeji ni mdogo wake mume wangu. Alikaa Kigoma mjini kwenye gereji, akarudi anaongelea puani kama ana mafua ya mjini. Na mume wangu alikuwa na pikapu, kuukuu, ya kupeleka maharage na watu Kasulu. Gari lenyewe nyuma lilikuwa limelegea. Likikata kona, kichwa kinakwenda Kasulu, makalio yamebaki yanafikiri. Abiria wakishuka wanashika miti kwanza.

Shemeji akasema springi za nyuma, ya kulia na ya kushoto, kila moja inakwenda kivyake. Inatakiwa chuma kimoja kipite chini, kizishikanishe, kifungwe kwa bolti huku na huku. Kibondo dukani chuma hicho hakuna. Kasulu hakuna. Kigoma hakuna. Kumbe kipo chumbani kwangu.

Nikamwambia, "Shemeji, hicho ni kitanda."

Hakunitazama. "Shemeji, elewa. Hii ni engo safi, ya zamani. Chuma cha namna hii siku hizi hupati."

"Najua hupati. Ndiyo maana nilikitafuta mimi."

Maana kitanda kile hakikuja na mwanamume. Nilikinunua kwa maharage yangu, ya shamba langu la mtoni, misimu miwili. Kikaletwa na lori mpaka Kibondo, kimefunguliwa vipande vipande. Toka pale mpaka nyumbani nimebeba mwenyewe, na ule ubavu anaoutoboa ndio ulionipiga shingo njia nzima. Watu wa njiani wananiuliza, mama, unajenga daraja?

Mume wangu naye kasimama pembeni na nati mkononi, anazihesabu kama mbegu. Sauti yake ilikuwa ndogo akikosa, utadhani inatoka kwenye kibuyu: "Mama watoto, ni kwa muda tu."

"Muda wa nani?"

Anahesabu nati.

Sasa mnielewe kilichoniuma. Kwetu kuomba kuna utaratibu. Hata mbegu ya viazi, unakwenda kwa mwenzako na kibuyu cha pombe. Unakaa, unasalimia, unauliza watoto, unauliza mvua, ndipo unasema shida yako. Mume wangu huyo huyo, mwezi ule ule, alikwenda kwa jirani kuazima jembe. Jembe tu, la siku moja. Alibeba pombe, akavaa na koti. Kwa kitanda cha mkewe hakubeba hata salamu. Alinisubiri niende shamba.

Nikasema haya, endeleeni. Nikakaa mlangoni namenya mihogo, naangalia.

Wakainua gari nyuma kwa jeki, wakalipandisha juu ya magogo, magurudumu yananing'inia. Shemeji akaingia chini na kitanda changu. Anaguna huko, anaita, "Kaka, spana. Kaka, si hiyo. Kaka, nyingine." Wakafunga, wakakaza mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Wakashusha gari. Lilipokalia magurudumu yake tu, chini kukasikika kra, bolti moja imekatika.

Nikasema, "Kitanda kimekataa."

Shemeji akatoka chini na uso mweusi kwa grisi. Akazunguka gari mara mbili, akafikiri, na hapo, nimpe haki yake, alifikiri vizuri. Akasema kosa ni kukaza gari likiwa linaning'inia. Springi zikining'inia zinakaa vingine, zikibeba zinakaa vingine. Lazima gari liwe chini, na mzigo wake mgongoni, ndipo ukaze.

Mzigo upi? Mvua ilikuwa ya kwanza, maharage yako ardhini, magunia yote matupu yamekunjwa darini. Wakatazamana. Kisha wakanitazama mimi.

"Shemeji," puani hivyo, "hebu waite wale wenzako wa kulima. Mpande nyuma. Tunahitaji uzito."

Yaani amemaliza kitanda, sasa anataka na mwenye kitanda.

Wenzangu tulikuwa tunalima kwa zamu, wanawake wanane. Nikawaita, wakaja. Lakini niliwaambia habari ya kitanda kabla hawajafika uwanjani. Mmoja alikuwa amekimbilia kwetu kutoka Burundi, jirani mwema, mdomo kama wembe. Kiswahili chake alikuwa anakivuta hivi: "Wewe mutu wa Kigoma, mimi si mufuko. Uliza kwanza mwenyewe." Wakakaa chini wote, miguu wameinyoosha, wameegemea gurudumu. Hakuna aliyepanda.

Mume wangu akaona. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu. Ile pombe ilikuwa ya mtama, mtama nimeuvuna mimi, nimeusaga mimi, pombe nimeipika mimi, ndiyo anayoniletea kuniombea kitu changu. Basi nilipokea. Angalau alikwenda kuvaa koti.

Akachuchumaa mbele yangu. Akauliza watoto, watoto wake mwenyewe. Akauliza mvua.

"Nina shida," akasema.

"Shida gani?"

"Naomba chuma."

"Chuma gani?"

"Cha kitanda."

"Cha nani?"

Yule wa Burundi akakohoa. Mume wangu akatazama chini. "Chako. Maharage yakivunwa nitaleta kingine."

Nikasema ego, ndiyo, chukua. Tukanywa, tukapanda wanawake wote wanane na mimi wa tisa, gari likachutama. Shemeji yuko chini anakaza, anapiga kelele, "Shemeji, sogea kulia kidogo, uzito umelala." Nikasogea kushoto. Akaguna, akakaza hivyo hivyo. Safari hii kilishika.

Na lilikaa sawa, gari lile. Watu wakasifu. Kutoka Kasulu wanarudi wanasema, fundi huyo, mikono yake huyo. Hakuna aliyesifu kitanda. Maharage yakavunwa. Nikauliza. "Bado kidogo." Yakavunwa tena. "Mwaka huu mibovu." Mimi niko chini kwenye mkeka, na yeye yuko chini hapo hapo, asubuhi anaamka anashika kiuno, mgongo, mama watoto, mgongo. Namwambia nenda ukalale chini ya gari, kitanda kiko huko.

Misimu minne. Halafu akaja mnunuzi, mwenye duka wa Kasulu, mtu wa asili ya pwani, kanzu nyeupe, maneno anayaweka taratibu moja moja kama vikombe. Wakaelewana bei. Shemeji akawa anamwonyesha gari, akampeleka nyuma, wakainama. "Hiki hapa nimefunga mwenyewe. Ndicho kinacholishika."

Nikasogea. Mume wangu akanifanyia macho. Nikasogea zaidi.

"Baba, hicho ni kitanda changu."

"Bi mkubwa, sijakufahamu."

Nikamwambia yote, mpaka pombe. Shemeji anacheka, "Usimsikilize, mzee, hayo ya wanawake, kile kinaondoka na gari."

Yule mzee akasimama wima, akakunguta kanzu. Akamgeukia mume wangu. "Bwana, mke wako alikupa?"

"Aliniazima."

"Basi mimi nimenunua gari. Kitanda cha mke wa mtu nikakitie wapi? Fungua. Ntakwenda taratibu, Kasulu nitatafuta chuma kingine."

Tena hakupaza sauti. Mtu hajapata hata kukaa kwangu, hajui jina langu, ameelewa kwa neno moja kitu ambacho wa nyumbani kwangu hawakukielewa misimu minne. Hapo ndipo hasira ilinipanda kuliko siku ile ya kwanza.

Shemeji akaingia chini akafungua. Mzee akakipokea, kimejaa tope na mafuta, akanipa kwa mikono miwili.

Nimekisugua kwa mchanga na majivu mpaka kikang'aa. Nimekirudisha mwenyewe, kiliingia ingawa kimepinda kidogo katikati. Matundu manne ya keekee yako pale mpaka leo, ukilala upande ule vidole vinayakuta. Nikaweka godoro, nikajilaza mchana kweupe, mlango wazi, anayepita apite aone.

Mume wangu akaja akasimama mlangoni. Hakuingia.

"Mama watoto. Na mimi nilale?"

Nikamwambia aende kwanza avae koti.