Mkunga Ofisini

Asubuhi ya mwisho ya kawaida tuliyokuwa pamoja, mke wangu alimenya muhogo, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Alinawa hivyo hata akienda kuchuma kisamvu, maana alikuwa mkunga. Vidole vyake vilikuwa vifupi, kucha hazikuonekana. Kalenda hakuijua. Kwake, mtoto huyu alizaliwa mikorosho ikitoa maua, yule tukiipulizia dawa ya salfa, na hakukosea. Mimi ndiye niliyekosea, akanicheka. Sasa hakuna wa kunicheka.

Asubuhi hiyo tulimpeleka Shakila, mjukuu wa jirani, ofisi ya kata. Bila cheti cha kuzaliwa, shule ilikataa kumwandikisha darasa la kwanza. Mtendaji, kijana wa kijijini kwetu aliyevaa tai, alitoa shikamoo, kisha akataka kadi ya kliniki. Haikuwepo, mtoto alizaliwa shambani.

"Sasa bibi, nani atathibitisha kuzaliwa kwake?"

Mke wangu alimtazama, akajibu benchi zima likisikia:

"Mimi niliyempokea. Mwandike, mwanangu. Huyu alitanguliza kichwa. Wewe ulitanguliza matako, ukatukesha mpaka alfajiri, na sikukudai karatasi."