Gari Jipya la Bwana Ndoano

Harufu ya petroli ikichanganyika na udongo mbichi hunirudisha utotoni mpaka leo. Wengine wakiisikia huwaza safari. Mimi huwaza lori la serikali limesimama mbele ya nyumba yetu, na mama amechutama akifunga kuku miguu. Juzi mjukuu wangu alikuja na gari alilonunua, akafungua mlango wa nyuma kwa madaha, akaniambia, "Cucu, hili nimelitafuta hasa kwa ajili ya kwenda kuvua samaki Naivasha. Unalionaje?" Nikamwambia ni zuri, Mungu alibariki. Kisha nikaomba kiti. Yeye akadhani ni uzee. Sikumwambia kitu. Ninyi nitawaambia, kwa kuwa ninyi si wajukuu wangu na hamtaanza kuniangalia kwa huruma.

Tulikaa juu kule Dundori, kwenye shamba la mzungu mmoja ambaye wafanyakazi walimpa jina la Bwana Ndoano. Kila Jumamosi, mvua inyeshe jua liwake, alishuka Naivasha na fimbo zake za kuvulia samaki. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeharibiwa vitani, haukunjiki, kwa hiyo hakuweza kukanyaga klachi ngumu ya gari lake kuukuu wala kulizungusha hendeli asubuhi likaamka. Kazi hiyo ilikuwa ya baba. Baba alikuwa dereva, tena dereva wa kusifiwa. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho, akakwambia ugonjwa ulipo.

Siku mojamoja Bwana alimpa samaki kwa kumshukuru. Baba alimpokea kwa mikono miwili, akasema asante sana Bwana, akampeleka moja kwa moja kwa wakamuaji wa ng'ombe waliotoka Nyanza, watu wa ziwani waliompenda samaki. Sisi watu wa milimani siku hizo tulimhesabu samaki pamoja na nyoka. Baba alibeba samaki miaka minane bila kumwonja hata mmoja. Mimi nami nilikuwa na cheo changu: nilikuwa mchimbaji wa nyungunyungu. Kila Jumamosi alfajiri nilichimba nyuma ya zizi, kwenye udongo mweusi wenye unyevu, nikajaza mkebe wa chambo, kisha nikapanda nyuma ya gari kuulinda mpaka ziwani. Nilikuwa na miaka tisa, na niliringa sana, kwa sababu bila mimi Bwana hangevua hata chura.

Wakati huo ulikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya siku za mkoloni. Sitaki kuueleza wote, siwezi. Nitasema hili tu: watu wa kabila letu walikuwa wakiondolewa mashambani na kupelekwa rizavu, maeneo waliyotengewa na serikali. Aliyebaki ni yule ambaye mzungu wake alisema, huyu ninamhitaji, akatia sahihi kwenye pasibuku yake, kile kitabu cha ruhusa. Shamba la jirani liliamka na watu, jua likatua halina hata mbwa. Na huko rizavu sisi tungekwenda kwa nani? Babu alikuwa amehama zamani, baba alizaliwa hapahapa mashambani. Huko hatukuwa na shamba, hatukuwa na nyumba, hata mahali pa kuchimba kaburi hatukuwa napo. Na mdogo wangu Kariuki alikuwa bado ananyonya, kifua chake kinakoroma usiku na mchana.

Basi katika hali hiyo Bwana Ndoano akasema gari lake limezeeka, atanunua jingine. Kulikuwa na mawili mjini Nakuru, kwenye gereji ya Mhindi mmoja. Moja lilikuwa pikapu kubwa, zito, la hendeli. La pili lilikuwa gari dogo lenye mgongo wa mbao, milango miwili nyuma, la kuwashwa kwa kubonyeza tu. Bwana akamwambia baba kwa kile Kiswahili chake cha kuvunja kuni: "Mimi nataka gari ya samaki. Kama iko ile mimi naweza endesha peke yangu, basi, dereva hapana kazi tena. Jumamosi wewe angalia injini, ambia mimi ipi mzuri." Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomuuma mama zaidi.

Mchana wa Ijumaa mama alikuwa akimenya viazi, baba amekaa kwenye kigogo mlangoni.

"Sema hilo dogo ni bovu," mama akasema.

"Nitasema lilivyo."

"Unaogopa nini? Injini itakushtaki?"

"Mama Wanjiru, akilipeleka kwa fundi mwingine akajua nimemdanganya, siku hizi, unajua nitalala wapi? Watu wanapotea kwa mambo madogo kuliko hayo."

"Na sisi tutalala wapi? Mtoto huyu atalala wapi?"

Baba akageuka kutazama zizi. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kunaudhi kuliko matusi. Mama aliendelea kumenya huku machozi yakimtoka, wala hakukuwa na kitunguu cha kusingizia. Nami nilikuwa pale nikichezea maganda. Moyoni nikawa upande wa mama. Nikamwona baba ni mtu anayependa sifa ya injini kuliko sisi.

Jumamosi alfajiri, nikiwa nyuma ya zizi na jembe langu, mama akanijia. Mkononi alikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na sukari, ngumi moja ya mtoto. Hiyo sukari ndiyo aliyokuwa akiificha juu ya dari kwa ajili ya uji wa Kariuki, anatia chembe chembe. Mwanamke mmoja mtoni alikuwa amemwambia kwamba sukari ikiingia kwenye tangi la petroli, injini hufa papo hapo.

"Leo mtapita gerejini kwanza ndipo Bwana aende ziwani," akaninong'oneza. "Hilo gari la mbao lina kifuniko ubavuni huku nyuma. Wakiwa mbele wanaangalia injini, fungua umwage humu. Likimfia mbele ya macho atalikataa, atachukua lile kubwa, na baba yako ataliendesha. Usionekane, mwanangu. Ukionekana tumekwisha wote. Umesikia? Nyumba hii iko mkononi mwako."

Nikasema nimesikia. Jamani, na nilikuwa nimesikia kweli.

Bwana na baba walikaa mbele kwenye lile gari kuukuu, mimi nikawekwa nyuma chini ya turubai pamoja na fimbo za kuvulia na mkebe wangu. Barabara ya kushuka kutoka Dundori ilikuwa ya mashimo, kila shimo likinirusha. Nikafungua fundo kidogo, nihakikishe sukari haimwagiki. Haikuwa ikimwagika. Chembe chache zilikuwa zimenata kwenye kidole, na chembe zilizonata kwenye kidole mtu atazifanyia nini? Nikalamba. Lo! Sukari nilikuwa nimeionja labda mara tatu tangu kuzaliwa, na zote ndani ya chai ya Krismasi. Nikajiambia injini ni ya chuma lakini itakufa hata kwa sukari pungufu. Nikalamba tena. Nikafunga fundo kwa meno, nikaapa sifungui. Kufika kwenye kona ya pili nikalifungua. Sitawadanganya kwamba nililazimishwa na njaa, ingawa njaa ilikuwapo. Ilikuwa tamaa tupu. Tulipoona mabati ya Nakuru yakimetameta huko chini, nilikuwa nanyonya kitambaa.

Hapo ndipo nilipopata akili. Nilikitazama kile kitambaa kilicholowa mate. Nyumba yetu nilikuwa nimeila.

Gerejini, Bwana alianza na pikapu. Baba alijitahidi, Mungu ni shahidi, alijitahidi. Alilaza fimbo nyuma, zikaenea vizuri. "Bwana, kule ziwani karibu na mafunjo kuna tope," alisema. "Hii iko juu, itapita tope." Bwana akapanda, akakanyaga klachi kwa ule mguu wake, uso ukamkunjamana kwa maumivu. Akashuka. Akaenda kwenye lile dogo. Baba akafungua milango ya nyuma, akapitisha fimbo katikati ya viti mpaka mbele, nazo zikaenea vilevile. Bwana akaketi, akakanyaga, klachi ikashuka kama mto wa pamba. Akabonyeza, gari likanguruma. Akatabasamu. Nilikuwa sijawahi kumwona Bwana Ndoano akitabasamu namna ile, hata akiwa na samaki.

Wakafungua boneti. Baba akachukua bisibisi yake, akaiweka kwenye injini na sikioni, akafumba macho. Bwana akimtazama, Mhindi akimtazama. Mimi nikajikuta huko nyuma, kwenye kile kifuniko. Kilikuwa ubavuni kama mama alivyosema. Nikakizungusha, kikafunguka, petroli ikanipiga puani. Sukari sina. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Nikaingiza mkono kwenye mkebe nikachota udongo, udongo mweusi na nyungunyungu wake wawili wakijinyonganyonga, nikaukaza kwenye ngumi. Nikainua mkono.

"Sema, dereva," nikamsikia Bwana. "Injini namna gani?"

Baba akafumbua macho, akafungua mdomo. Kwa pembeni ya boneti macho yake yakanipitia, yakaendelea kana kwamba hayakuona kitu. Kisha akasema kwa sauti kubwa, sauti ambayo haikuwa yake:

"Bwana! Hii injini ni nzuri sana! Njoo, sikiliza mwenyewe! Na wewe Bwana Mkubwa, njoo usikie!"

Akamtia Bwana bisibisi mkononi, akamvuta Mhindi karibu. Wote watatu wakainamia injini, mmoja baada ya mwingine, wakicheka. "Wewe Wanjiru!" baba akaita bila kuinua kichwa. "Peleka hao nyungunyungu kivulini, watakauka!"

Nikakurupuka. Nikafunga kifuniko, nikakimbilia kivulini na ngumi yangu ya udongo. Na yote yakawa yamekwisha.

Bwana alilinunua gari siku ileile. Akachukua fimbo zake, akachukua mkebe kutoka mikononi mwangu, akashika njia ya Naivasha peke yake. Baba aliendesha lile kuukuu kurudi Dundori pamoja nami. Mama alikuwa amesimama njiani na Kariuki mgongoni. Aliponitazama tu, nikamwambia, "Nilimwaga, mama. Yote." Akafumba macho, akasema, "Basi Mungu amekataa."

Kabla mwezi haujaisha, lori likaja. Tuliruhusiwa kubeba tulichoweza kushika. Huko rizavu tulipewa kona kwenye nyumba ya watu wasiotujua wala kututaka. Mvua zilikuwa nyingi mwaka huo. Kariuki hakuufikia mwisho wake.

Mama hakumsamehe baba kwa kuisifu ile injini. Hata walipozeeka, hata baada ya kupata shamba lao dogo, likitokea jambo lolote, kuku kuibwa au viazi kuoza, alikuwa akisema, "Ni ule mdomo wako. Mdomo wako ndio uliotufukuza kwetu." Baba aliendelea na kazi iliyokuwa mkononi. Nami nikiwa msichana, na baadaye mke wa mtu, nilikubaliana na mama. Nilimheshimu baba kwa desturi tu. Kila nilipolala nilijua vizuri nani aliyekula sukari, lakini mchana ilinifaa sana kuwa na mtu mwingine wa kulaumiwa.

Siku ya pili baada ya kumzika mama nilikuwa nje na baba, tumekaa kwenye benchi waliloazima majirani kwa ajili ya msiba. Nikashindwa kuendelea kuficha. Nikamwambia habari ya sukari. Hakuwa akiijua kabisa, ilibidi nianze mwanzo, kule nyuma ya zizi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe yeye ndiye aliyekutuma," akasema. "Mimi nilidhani ule udongo ulikuwa wazo lako."

"Uliuona?"

"Niliuona, umeinua mkono. Mhindi alikuwa ameshaanza kugeuka kwako." Akajipangusa magoti, ingawa hayakuwa na vumbi. "Nilikuwa nimeamua kudanganya, Wanjiru. Siku ile nilikuwa nimeamua. Neno lilikuwa hapa kwenye ulimi: hii injini ni mbovu. Sasa nikisema ni mbovu, na wao waiache wageuke wakukute pale na udongo, wakati ule, mtoto wa kabila letu? Wangesema baba na binti wamepanga. Nikasema lile neno la kuwaleta kwangu upesi."

"Kwa nini hukumwambia mama?"

"Angekulaumu wewe. Na wewe ulikuwa mdogo."

Nilikaa pale, mwanamke mzima mwenye watoto wanne, sina pa kuficha uso. Mama alikuwa kaburini na hasira yake, na hakukuwa tena na njia ya kumpelekea habari. Miaka ishirini na zaidi mtu huyu alikuwa amebeba lawama yangu mezani, shambani na kitandani, na mimi nikamsaidia mama kuiongeza.

Kisha baba akauliza, "Hiyo sukari. Ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu, baba."

Akaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo nilipolia, kilio ambacho hata mazishini sikukitoa, na baba akaniacha nilie wala hakuniambia ninyamaze.